Mwalimu Nyerere, Kura ya Maskini na Reli ya Bonde la Kilombero

1.0 Utangulizi

Yeyote aliyepata kukaa siku chache Ifakara, Mang'ula au Mlimba na kuzungumza na wazee juu ya reli ya TAZARA atakuwa amelisikia dai hili: kwamba Wachina walitujengea reli kwa kuwa Mwalimu aliwapigia kura. Mwandishi wa makala haya alilisikia kwa mara ya kwanza alipokuwa akikusanya msamiati wa Kindamba katika vijiji vya kando ya njia hiyo. Amelisikia tena mara nyingi baadaye, hata katika kumbi za vyuo vikuu, ambako husemwa kwa istilahi nzito zaidi lakini kwa maana ile ile. Wapo pia wanaoligeuza dai hilo na kusema kwamba reli ndiyo iliyoinunua kura.

Makala haya yanasimulia maisha ya Julius Kambarage Nyerere (1922–1999) kwa kulifuata dai hilo. Hayakusudii kurudia wasifu wake wote, kwa kuwa kazi hiyo imefanywa na wengine kwa kirefu. Yanamtazama kama mtu aliyeamini kwamba nchi maskini ina mali moja tu isiyopungua thamani kwa sababu ya umaskini wake, nayo ni kura yake katika baraza la mataifa. Na kwamba mali hiyo haizai kitu isipounganishwa na kura za maskini wengine. Tutaonyesha kwamba ushahidi wa tarehe hauliungi mkono dai la wazee wetu wala la wale wanaoligeuza. Hata hivyo, dai hilo lina swali ndani yake ambalo halifai kupuuzwa, na bonde la Kilombero ni mahali pazuri pa kuliuliza.

2.0 Kutoka Butiama hadi New York

Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 Butiama, karibu na Musoma. Alikuwa mtoto wa Burito Nyerere, mtemi wa Wazanaki, na wa Mugaya Nyang'ombe. Alianza shule Mwisenge mwaka 1934, akaendelea Tabora, kisha Makerere, na baada ya kufundisha kwa muda akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh alikosoma kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Aliporudi alifundisha Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kikazaliwa yeye akiwa rais wake. (Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba tarehe hiyo ndiyo iliyochaguliwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.)

Jambo ambalo halisisitizwi vya kutosha katika masimulizi ya kipindi hiki ni hali ya kisheria ya Tanganyika. Haikuwa koloni la kawaida; ilikuwa nchi chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, nayo Uingereza ilipaswa kutoa hesabu ya utawala wake mbele ya Baraza la Udhamini. Kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja huo, Baraza hilo liliundwa kwa kulinganisha idadi ya nchi zinazotawala na zisizotawala nchi za udhamini. Kwa hiyo mkoloni hakuwa na uhakika wa kushinda kila hoja. Ujumbe wa Baraza ulioizuru Tanganyika mwaka 1954 ulikuwa umependekeza kwamba nchi ingeweza kufikia kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25, pendekezo ambalo serikali ya Uingereza haikulipenda hata kidogo.

Mwezi Machi 1955, TANU ikiwa haijatimiza mwaka mmoja, Nyerere alisafiri hadi New York kuliunga mkono pendekezo hilo. Nauli yake ilitokana na michango ya wanachama. Alizungumza kwa upole, akaomba tamko kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika na kwamba siku moja itatawaliwa kidemokrasia. Alirudi tena Desemba 1956 mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Katika safari zote mbili alikuwa mwombaji: aliruhusiwa kusema, lakini hakuwa na kura. Aliketi akiwatazama wajumbe wa nchi nyingine wakiamua habari za nchi yake kwa kunyosha mikono. Sisi tunaona kwamba somo lake la kwanza la diplomasia alilipata hapo, na kwamba lilikuwa somo la hesabu.

Si vibaya kukumbuka hapa historia ya neno lenyewe. Kura ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni ile ya kuamua jambo kwa bahati, kama watu wanavyogawana mashamba au kuchagua nani atangulie. Matumizi ya kuchagua viongozi na kupitisha maazimio yalikuja baadaye. Kwa nchi zilizogawanywa Berlin mwaka 1884–1885, maana hizo mbili zilikuwa mbali sana. Zilikuwa zimepigiwa kura kwa maana ya kwanza, na sasa zilitaka kupiga kura kwa maana ya pili.

Mwaka 1960 hesabu ilibadilika ghafla. Nchi 17 ziliingia katika Umoja wa Mataifa, 16 kati yake zikiwa za Afrika. Tarehe 14 Desemba mwaka huo Baraza Kuu lilipitisha azimio namba 1514 la kutoa uhuru kwa nchi zote zilizotawaliwa, kwa kura 89 bila ya kura yoyote ya kupinga. Nchi tisa, zikiwamo dola kuu za kikoloni, zilijizuia kupiga kura. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na siku tano baadaye ikapokewa kuwa mwanachama. Yule aliyekuwa mwombaji sasa alikuwa kiongozi wa nchi yenye kura moja, sawa na ya Marekani, katika Baraza Kuu.

3.0 Reli na Kura

Mwalimu alipotafuta njia ya kuiunganisha Zambia na bandari ya Dar es Salaam, alianza kwa kubisha milango ya nchi za Magharibi. Wazo lilikuwa la zamani, lakini lilipata uzito mpya Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, na hasa pale walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, kwani shaba ya Zambia ilikuwa ikipita katika nchi zilizotawaliwa na Wazungu wachache. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema kwamba reli hiyo haina faida ya kiuchumi. Mwalimu alikwenda China Februari 1965, na Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Dar es Salaam Juni mwaka huo huo. Mkataba baina ya Tanzania, Zambia na China ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Mkopo ulikuwa wa yuan milioni 988 bila riba, na sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970.

Njia hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, hukatiza eneo lililokuwa pori la Selous, hufika Kidatu, na kisha huambaa chini ya milima ya Udzungwa, kando ya bonde la Kilombero, kupitia Mang'ula na Ifakara hadi Mlimba, kabla ya kupanda kuelekea Makambako. Mang'ula palikuwa na kambi kubwa ya mafundi na karakana. Wenyeji wa bonde wanajua shida ya ardhi yao: masika mbuga hugeuka ziwa, na udongo hauna msimamo. Huko mbele, kati ya Mlimba na Makambako, ndiko yaliko mahandaki mengi ya njia nzima. Reli ilifika Mlimba mwezi Novemba 1971.

Tarehe hiyo ndiyo inayolipa dai la wazee nguvu, kwa kuwa tarehe 25 Oktoba 1971, wakati mataruma yalipokuwa yakitandikwa katika bonde hilo hilo, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya kiti cha China. Ni vema kueleza utaratibu wenyewe, kwa sababu maandishi mengi huruka hatua iliyokuwa muhimu kuliko zote.

Tangu mwaka 1949 kiti cha China kilikuwa kimekaliwa na serikali iliyokimbilia Taiwan. Kuanzia mwaka 1961 Marekani na washirika wake walilifanya suala hilo kuwa suala muhimu kwa maana ya Mkataba, yaani lisiloweza kupita ila kwa theluthi mbili za kura. Kinga hiyo ilifanya kazi vizuri. Mwaka 1970 pendekezo la kuirejesha Jamhuri ya Watu wa China lilipata kura 51 dhidi ya 49, nchi 25 zikijizuia; lilikuwa na wingi wa kura, lakini halikupita. Basi kazi ya kundi la nchi zilizoliunga mkono pendekezo hilo haikuwa tu kutafuta marafiki wa China. Ilikuwa kuivunja kwanza ile kinga ya utaratibu, ambayo yenyewe ilihitaji wingi wa kawaida tu. Mwaka 1971 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 23 zilizowasilisha azimio, na mwakilishi wake alikuwa Salim Ahmed Salim, kijana asiyezidi miaka 30. Hoja ya theluthi mbili ilishindwa kwa kura 59 dhidi ya 55, nchi 15 zikijizuia. Kura nne! Baada ya hapo azimio namba 2758 lilipita kwa kura 76 dhidi ya 35, huku 17 zikijizuia. Kati ya hizo 76, kura 26 zilitoka Afrika. Shangwe ya wajumbe wa Tanzania ukumbini usiku huo ilizungumzwa kwa miaka mingi, na Washington haikuisahau.

Je, reli ilinunua kura? Tarehe zinakataa. Tanganyika iliitambua serikali ya Beijing siku ile ile ya uhuru wake, tarehe 9 Desemba 1961, karibu miaka sita kabla ya mkataba wa reli. Kura za Afrika zilizoleta ushindi zilitoka pia katika nchi ambazo hazikujengewa hata daraja na China. Na kura ililipwa kwa reli? Hapo pia tarehe zinakataa, kwa kuwa mkopo ulitolewa miaka minne kabla ya ushindi, wakati ambapo hakuna aliyeweza kuutabiri. Tuseme pia kwamba mkopo haukuwa zawadi.

Hata hivyo ingekuwa ni kujidanganya kudai kwamba mambo haya mawili hayakuhusiana kabisa. Yote mawili yalitoka katika msimamo mmoja wa Mwalimu: kwamba nchi changa ina haki ya kuchagua rafiki zake bila kuchaguliwa maadui. Msimamo huo aliulipia. Mwaka 1965 alivumilia kupoteza sehemu ya misaada ya Ujerumani Magharibi kwa sababu ya kuruhusu ofisi ya Ujerumani Mashariki Dar es Salaam. Mtu aliyekubali hasara ya namna hiyo si rahisi kumfikiria akiuza kura kwa reli. Kwa upande mwingine, ni kweli kwamba Beijing ilijua thamani ya kura za Afrika, na haikuwa siri.

4.0 Umoja usio wa kondoo

Mwalimu hakuwa mtumwa wa umoja huo. Desemba 1965 mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kuvunja uhusiano na Uingereza iwapo haitauzima uasi wa Rhodesia. Muda ulipofika, tarehe 15 Desemba, Tanzania ilitekeleza. Nchi nyingi zilizonyosha mikono hazikutekeleza. Kwa uamuzi huo Tanzania ilipoteza mkopo wa paundi milioni 7.5. Hapo Mwalimu alijifunza kwamba azimio na utekelezaji ni ndugu wasiofanana.

Miaka miwili na nusu baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyejitenga. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra, kinyume cha msimamo wa karibu Afrika nzima, ambayo iliogopa kwamba mipaka yote iliyorithiwa ingetikisika. Ni nchi chache tu zilizomfuata. Baadhi ya waandishi wameliita kosa kubwa kuliko yote katika siasa yake ya nje. Mwandishi wa makala haya hakubaliani nao moja kwa moja. Kwa Mwalimu, umoja wa kura ulikuwa chombo cha kuwatetea wanyonge. Pale alipoona kwamba chombo chenyewe kinatumika kunyamazia mauaji yao, alikiweka chini. Kwamba hesabu yake ya kisiasa ilikuwa mbaya, hilo linajadilika. Lakini tendo hilo linatusaidia kuelewa alichomaanisha baadaye alipozungumzia mshikamano.

5.0 Arusha, Nairobi na kura ya turufu

Kundi la 77 lilikuwa limezaliwa Geneva mwezi Juni 1964, mwishoni mwa mkutano wa kwanza wa UNCTAD. Februari 1979 mawaziri wa kundi hilo, ambalo sasa lilikuwa na wanachama zaidi ya 100, walikutana Arusha. Wakati huo majeshi ya Tanzania yalikuwa vitani dhidi ya Idi Amin, na hazina ya nchi ilikuwa ikikauka. Hotuba ya ufunguzi ya Mwalimu ni moja ya maandishi muhimu ya nadharia ya siasa yaliyotoka Afrika Mashariki. Alilifananisha kundi hilo na chama cha wafanyakazi. Wanachama wake hawana dini moja, wala itikadi moja, wala kipato kimoja. Wanachoshirikiana ni kwamba kila mmoja, akiwa peke yake mbele ya mwajiri, hana nguvu ya kujadili ujira wake. Aliwaonya wasitegemee hoja za maadili peke yake, na akawakumbusha kwamba chama chenye madai lakini kisicho na wataalamu wake hakiwezi kushinda mazungumzo. Msomaji wa leo atavutiwa na ukavu wa hoja hizo. Hazina ndoto.

Sababu ya ukavu huo ilikuwa Nairobi. Mwezi Mei 1976 mkutano wa nne wa UNCTAD ulikuwa umekubali Mpango wa Pamoja wa Mazao na Malighafi, ambao kiini chake kilikuwa mfuko wa kuzuia bei zisiporomoke. Sukari ilikuwamo katika orodha, pamoja na pamba, kahawa, chai na mkonge. Mkulima wa miwa wa Kilombero angeweza kusema kwamba zao lake limepigiwa kura na dunia nzima. Lakini mkataba wa kuanzisha mfuko huo ulipatikana mwaka 1980 tu, tena ukiwa mdogo kuliko ulivyodaiwa, na haukuanza kutumika hadi Juni 1989. Mwezi uliofuata mfumo wa mgawo wa mauzo uliolinda bei ya kahawa duniani ulivunjika. Wingi wa kura huweza kuandika azimio. Hauwezi kumlazimisha mwenye fedha kufungua mfuko wake.

Kuna mpaka mwingine, na lugha yetu imeupa jina zuri. Kura ya turufu imeazima neno lake katika mchezo wa karata, ambao pamoja na istilahi zake nyingi ulitufikia kupitia kwa Wareno. Karata ya turufu hushinda hata ikiwa ndogo, kwa sababu tu ya rangi yake. Mwishoni mwa mwaka 1981 Salim Ahmed Salim, akiungwa mkono na Afrika na nchi zisizofungamana na upande wowote, aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ilimzuia kwa turufu tena na tena. China, iliyokuwa imeketi katika Baraza la Usalama kwa nguvu ya kura ile ya 1971, ilimzuia Kurt Waldheim mara 16. Hatimaye wote wawili walijiondoa na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Nchi maskini zilikuwa zimemwingiza mchezaji mmoja katika meza ya wenye turufu. Hazikuubadilisha mchezo.

6.0 Kura ya nyumbani

Turudi bondeni. TAZARA ilikabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia Julai 1976. Kipindi hicho hicho ndicho cha operesheni ya vijiji. Novemba 1973 Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Katika Kilombero watu waliokuwa wametawanyika kando ya mito na mashamba yao ya mpunga walihamishiwa katika vijiji vipya, vingi vikiwa karibu na reli, na wakaazi wake walitegemewa pia kuwa walinzi wa njia hiyo. Jina la Msolwa Ujamaa bado linahifadhi kumbukumbu ya siasa hiyo. Wengine walinufaika: mpunga wao ulipata soko, watoto wao shule. Lakini hakuna aliyewauliza. Mtu yule yule aliyedai New York kwamba nchi ndogo isiamuliwe mambo yake na wakubwa bila kura yake, hakuwapa wakulima wa Kilombero kura juu ya mahali watakapolala. Tangu mwaka 1965 nchi ilikuwa na chama kimoja kisheria, na kura ya rais ilikuwa ya ndiyo au hapana kwa mgombea mmoja.

Haitoshi kusema kwamba ulikuwa wakati wake. Mwalimu mwenyewe hakujitetea hivyo. Aling'atuka urais mwaka 1985, na mwaka 1990 alikuwa wa kwanza miongoni mwa wakubwa wa chama kusema kwamba mjadala wa vyama vingi si uhaini. Tume ya Jaji Nyalali ilipoona kwamba karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, Mwalimu alikuwa upande wa waliosema kwamba sauti ya asilimia 20 iliyobaki isipuuzwe. Mfumo wa vyama vingi ukaanza mwaka 1992. Hapo, kwa maoni yetu, kanuni aliyoitetea ughaibuni ilifika nyumbani, ikiwa imechelewa.

Miaka yake ya mwisho ilirudi kwenye kazi ya Arusha. Mwaka 1987 alikuwa mwenyekiti wa Tume ya Kusini, Manmohan Singh wa India akiwa katibu mkuu wake, na taarifa ya Tume ilitolewa mwaka 1990. Kutokana nayo kilipatikana Kituo cha Kusini cha Geneva, ambacho mwaka 1995 kilikuwa chombo rasmi cha serikali wanachama. Huyo ndiye mtaalamu wa chama cha wafanyakazi aliyekuwa akimdai tangu 1979: ofisi ndogo ya kuwaandalia wajumbe wa nchi maskini takwimu na hoja kabla hawajaingia katika chumba cha mazungumzo. Aliiongoza hadi alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Alizikwa Butiama.

Mwaka uliofuata wanavijiji wa kando ya reli katika bonde la Kilombero walikabiliwa na kufungwa kwa baadhi ya stesheni ndogo, ambazo zilikuwa zikihudumiwa na treni fupi ya abiria waliyoizoea kwa jina la Kipisi. Stesheni hizo ndizo zilizowapeleka wachuuzi wa mpunga, ndizi na samaki sokoni, na wagonjwa hospitalini Ifakara. Kila kijiji peke yake kilikuwa na abiria wachache mno kuweza kusikilizwa. Waliandika barua moja, wakaiwasilisha kwa pamoja.